Walizima moto wa mama siku ya posho

Jumanne. Joto la mwezi wa kumi. Kila alasiri mawingu yanajikusanya juu ya Annexe, mtaa wetu, yanatazama vumbi letu jekundu, kisha yanaenda kunyesha kwa wengine.

Jumamosi iliyopita, asubuhi, mama yangu alipoteza kiti chake kwenye makumbusho ya mtaa wetu. Naandika hilo kwanza ili nisianze kuzunguka. Alikuwa nacho tangu mvua za mwaka jana. Sasa hana, na hakuna anayeniambia kama atarudi.

Hasira ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili. Leo naandika kwa sababu ya Jumamosi inayokuja.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi natengeneza mbabula, majiko ya makaa, au makala kama tunavyosema hapa, kwa bati na vyuma vya kuokota. Nilianza na nyundo moja na mapipa matupu nyuma ya nyumba ya kupanga. Leo nina karakana yenye watu sita, na hakuna aliyenishika mkono. Sisemi kwa kujisifu. Nasema ili ieleweke kwamba sina tabia ya kuomba. Nikihesabu kitu nakihesabu mara mbili, na nikidai kitu huwa nimeshajua kwa nini.

Mama ana miaka themanini na mitatu, naishi naye. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Sisi watoto wote tulizaliwa kwenye kambi ya mgodi, katika nyumba ya matofali ya vyumba viwili, na majirani waliotoka Kongolo, Kabalo, Manono, kila mmoja na kilugha chake na wote na misa moja ya Jumapili. Mama aliondoka kule akiwa mjane. Akili yake ilianza kuondoka baadaye, polepole, kama mtu anayehama kwa kubeba kiti kimoja kimoja. Kuna siku ananiita kwa jina langu. Kuna siku mimi ni mdogo wake aliyebaki Kongolo.

Makumbusho ninayosema si ile kubwa ya mjini. Ni hii yetu ndogo, ndani ya madarasa ya shule ya zamani. Kila Jumamosi asubuhi wana programu inayoitwa Umri Wote. Wadogo wanafinyanga udongo uwanjani. Vijana wanawauliza wazee maswali na kurekodi kwa simu. Wazazi wanajifunza kuchora ukoo wao kwenye karatasi kubwa. Na mwisho wa koridoo kuna chumba wanachokiita nyumba ya kambi: kitanda cha chuma, picha ya Bikira Maria, redio isiyosema kitu, sahani za bati zenye maua, meza na kitambaa cha kufuma. Wazee wanane wanakaa mle, na watoto wanakuja kuwatembelea.

Mbabula ya chumba kile ilitoka kwangu. Waliniomba, nikawapa bure. Nikaijaza makala mwenyewe, kwa sababu mbabula tupu inanitia aibu. Inaonekana kama nyumba ya watu waliolala njaa.

Siku ya kwanza nilipomleta mama, asubuhi ile hakunijua. Aliingia, akasimama, akatazama kitanda, akatazama meza. Akasogea, akageuza kile kitambaa, maana walikuwa wamekiweka upande wa mafundo. Kisha akakaa kwenye kiti karibu na mbabula, akaniangalia mimi niliyesimama mlangoni na pochi yangu.

"Karibu, mama," akaniambia. "Ikala. Bwana bado hajarudia ku kazi."

Tangu siku ile alikuwa na Jumamosi.

Nyumbani ni mtu wa maneno matatu kwa siku. Mle ndani alikuwa mwenye nyumba. Mtoto akiingia bila kupiga hodi, alirudishwa nje.

"Weye, kwenu hakuna mulango? Rudia inje, useme odi."

Mtoto anatoka, anarudi. "Odi, mama."

"Odi ya nani?"

"Ya Glody."

"Glody wa nani? Muko bengi."

Watoto wakaanza kuuacha udongo wao ili waje kufukuzwa na mama. Kulikuwa na foleni ya kufukuzwa. Mademoiselle Solange, binti anayesimamia programu, aliniambia kwamba kuna mzazi aliyekuja kumuuliza bibi gani yule, maana mtoto wake sasa anapiga hodi hata kwenye mlango wa choo.

Na hapa lazima niandike kitu ambacho sikipendi.

Miezi ya mwanzo nilikuwa nakaa naye. Baadaye nikaona hanihitaji. Nikaangalia saa zile nne za Jumamosi, saa nne ambazo hakuna anayeniuliza nani aliiba kikwembe chake, kitenge chake cha kujifunga, nikazichukua. Nilimwacha mlangoni asubuhi, nikaenda Kasumbalesa kutafuta bati kwa watu wanaovuka kutoka Zambia. Sikumuuliza Solange kama anaweza. Nilisema tu, "Narudi sasa hivi." Na sasa hivi ya Kasumbalesa kila mtu anaijua, na foleni ya malori yale mpakani.

Basi, Jumamosi iliyopita.

Mji huu bado una watu wengi wanaoiita Jumamosi siku ya posho, kwa sababu kambini ndiyo siku mgao wa chakula ulipotolewa. Mama hana jina lingine la siku hiyo. Makumbusho wakapata wazo la kuwaonyesha watoto posho ilikuwaje. Wazo zuri, nasema bila kejeli. Wakaweka mizani uwanjani, gunia la unga wa mahindi, maharage, chumvi, makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, yananukia mpaka barabarani. Watoto wakapanga mstari, kila mmoja akapata kikombe chake cha unga. Kisha, kwa ajili ya picha, wakaingia nyumba ya kambi na kuwagawia wazee kipimo kamili. Mama akawekewa beseni ya unga mapajani na kipande cha makayabu kwenye karatasi.

"Mama, posho yako hii," wakamwambia.

Wakapiga picha. Wakatoka. Walitarajia aendelee kukaa.

Namuuliza yeyote aliyekulia kambini. Mwanamke amepokea posho. Mbabula iko miguuni pake, imejaa makala. Jua linapanda, mume yuko njiani. Anakaa?

Solange alinieleza yaliyofuata, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa hiyo namwamini. Kwenye meza ya jirani walikuwa wamewaonyesha vijana jinsi taa ya mgodi inavyowashwa, na kiberiti kikabaki pale. Mama alikichukua. Akabeba mbabula kwa mshikio wake, na miaka yote ile themanini na mitatu, akaitoa uwanjani, akaiweka kwenye njia ya upepo ili moshi uishie nje. Hivyo ndivyo inavyofanywa, hakuna anayewasha makala ndani. Watu walimwona. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Kuna waliopiga picha. Watoto walimpepelea moto kwa vipande vya katoni, na aliwagombeza kwamba wanapepea kama wagonjwa.

Makala yalipokuwa mekundu, akairudisha ndani. Hivyo pia ndivyo inavyofanywa. Akaiweka mahali pake, akabandika sufuria ya maji ya bukari, ugali wetu.

Kaa moja likaanguka kwenye mkeka.

Palipoungua panatosha kiganja changu. Nilipima. Lakini mkeka mkavu una moshi mwingi, koridoo ni nyembamba, na mtu mmoja akapiga kelele kwamba kuna moto. Watoto wakakimbia wakisukumana. Hakuna aliyeumia. Mkurugenzi akaja na ndoo, akamwaga yote: juu ya mbabula, juu ya sufuria, juu ya kikwembe cha mama.

Mimi nilikuwa katikati ya malori.

"Mama, kuya," Solange akaniita kwenye simu. "Kuya mbio."

"Nani amekufa?"

"Hapana, hakuna mwenye kufa. Kuya tu."

Nilifika alasiri. Mama alikuwa kwenye benchi nje ya geti, amelowa magoti, beseni ya unga bado mapajani. Unga ulikuwa umeingia maji na kushikamana. Alikuwa akiutoa mabonge kwa vidole, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

"Balimwanga maji mu moto yangu," akaniambia.

"Nani, mama?"

"Kijana moja ya kravate. Mbele ya batoto." Akatazama barabara. "Baba yenu atatoka ku kazi, atakula nini?"

Baba tulimzika zamani. Nikasema atakula kwangu.

Halafu nikaingia ndani, na sikuingia vizuri.

Mkurugenzi ni kijana msomi, ana umri wa mtoto wangu wa tatu. Namwita Papa Direktere, naye ananiita mama, na siku zote tumeheshimiana. Ndoo ilikuwa miguuni pake, ameijaza maji tena. Hilo nililiona wakati ule, ila sikutaka kulihesabu.

"Mama, kama mutoto moja aliungua leo, mi ningeambia bazazi yake nini?"

"Na mwenye kuacha kiberiti ku meza, utamuambia nini?"

"Makala ilitoka kwako."

"Mulikuya kuomba mbabula. Bure. Mi niliwapa."

"Tuliomba mbabula ya kutazama, mama."

"Mbabula ya kutazama haiko. Njo mara ya kwanza ninasikia."

Akavua miwani, akaifuta na tai yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na naamini hakutaka kunichoma.

"Mama, musée haiko garderie ya bazee."

Kituo cha kulelea wazee. Mbele ya Solange.

Mimi, ambaye nabishana hata na redio, niliinama nikapima palipoungua kwa kiganja.

Nilimuuliza tu kama mama anaweza kurudi wiki ijayo. Akasema tutaona. Jumapili baada ya misa nikamuuliza tena uwanjani pa kanisa. Akasema kamati itaona. Jana nikamtumia ujumbe, akajibu, "Tutaona, mama." Mtu akiniagiza mbabula na nikamwambia tutaona, anaenda kwa mwingine. Mama hana pengine pa kwenda.

Na jana hiyo hiyo, nikipita getini, nikakuta bango jipya. Juu bado limeandikwa Umri Wote, kwa herufi kubwa, na picha ya mtoto anayecheka. Chini, kwa herufi ndogo: miaka mitano hadi sitini na mitano.

Nilisimama pale nikipiga hesabu. Wazee wanane wa nyumba ya kambi. Sita wamepita umri huo. Wanaobaki ni wawili: mmoja ni mke wa mfanyabiashara, amekaa maisha yake yote karibu na soko, na mwingine alikuja mjini juzi juzi kumfuata mwanawe. Wote wawili ni watu wazuri. Hakuna kati yao aliyewahi kulala kambini hata usiku mmoja. Kwa hiyo Jumamosi watoto watapiga hodi kwenye nyumba ya kambi, na watakaowakaribisha ni wageni kama wao.

Hilo si neno la mama yangu tu. Wale watano wengine pia wana watu wao nyumbani, na nimeshazungumza na watatu. Mmoja ameambiwa na bibi yake kwamba labda alikosea kitu. Bibi hakukosea kitu. Jumamosi ile alikuwa amelala usingizi kwenye kiti.

Nirudi kwa mama.

Tangu siku ile hasogelei mbabula. Hata ya kwetu. Jumapili niliwasha uwanjani kama kawaida, yeye akaamka, akachukua kiti chake, akaenda kukaa nyuma ya nyumba kwenye jua kali.

"Mama, kuko joto kule. Kuya hapa."

"Banakataza," akasema.

Nimempelekea bukari kule kule. Anakula kidogo, huku akiangalia pembeni kama mtu atakayefumaniwa. Yule mwanamke aliyekuwa anawarudisha watoto wa watu nje waseme odi, sasa anaomba ruhusa ya kukaa karibu na moto ndani ya kiwanja cha binti yake.

Kile kipande cha makayabu alikuja nacho nyumbani, sijui alikibeba wapi. Amekificha chini ya mto. Ni cha baba. Chumba kizima kinanuka, na sijakigusa. Makumbusho wakitaka makayabu yao, waje kumwomba wao wenyewe.

Na kila asubuhi ananiuliza, "Leo ni posho?"

Najibu, "Hapana, mama. Bado."

Jana ilikuwa kweli. Leo ni kweli. Itakuwa kweli mpaka Ijumaa.

Jumamosi itakuwa uongo, na sijui kama naweza kuusema. Kumdanganya siku si rahisi kama watu wanavyofikiri. Majina ya watoto wake yanampotea, lakini Jumamosi anaijua bila kuambiwa. Anakaa kwenye dirisha la mbele; watoto wakipita bila sare za shule, na kwaya ikianza mazoezi kule parokiani, anaenda kufunga kikwembe chake kizuri, anakaa mlangoni na kungoja. Nimeshafikiria kumfungia dirisha. Nimeona aibu kwa kufikiria tu.

Nimefikiria pia swali la mkurugenzi, kwa sababu halitoki kichwani. Kama mtoto angeungua? Naona koridoo ile, naona wale watoto wanaosukumana, na kati yao namwona Glody, ambaye angerudi kumtafuta mama ndani ya moshi. Najua angerudi. Na mimi ningekuwa foleni Kasumbalesa, nabishana juu ya unene wa bati.

Kwa hiyo neno lile la garderie nimelipima kama ninavyopima chuma kabla ya kununua. Nusu yake ni kweli. Nilimwacha mama pale kwa sababu mahali palimfaa, na nilimwacha pia kwa sababu palinifaa. Ile nusu ni yangu, naibeba mimi. Isiwekwe kichwani kwa mama, wala kwa wale wazee watano ambao hawakuwasha hata sigara.

Lakini nusu nyingine si yangu. Huwezi kumpa mwanamke wa kambi posho mikononi, ukamwekea mbabula miguuni, ukapiga picha, halafu ukashangaa kwamba anapika. Hamkumwomba aigize. Mlimwambia karibu nyumbani, akawaamini.

Nimeamua mambo mawili, na naandika hapa ili nisije nikageuka.

La kwanza, Kasumbalesa nitakwenda Alhamisi. Jumamosi ni ya mama. Nitakaa kwenye kile chumba, kiti kwa kiti, mwanzo mpaka mwisho, kila wiki, na karakana itajua namna ya kuniona siku nyingine.

La pili, leo asubuhi nimekata bati. Natengeneza mbabula ya kutazama. Ni ya kwanza katika maisha yangu, na mkono wangu unaikataa. Kijana wangu wa kuchomelea ameniuliza kama naumwa. Chini imefungwa, juu imefungwa, makala yamepakwa rangi na kuchomelewa ndani. Kiberiti hakina pa kuingia. Mama ataitazama na atajua kwamba ni ya uongo, na najua atanisema mbele za watu. Acha aniseme. Ile ya kwanza, iliyopindishwa na maji, nitaichukua nirudi nayo. Mkeka nitalipa.

Papa Direktere, najua unasoma hapa, kwa sababu mwezi wa tisa ulinipongeza kwa nilichoandika juu ya nyumba ya kambi. Basi soma na hii. Sikuombi uombe msamaha kwa ile ndoo. Uliona moshi, ukamwaga maji. Hata mimi ningemwaga. Sikuulizi kamati itakutana lini. Nakuuliza wewe, mwenye funguo za geti: wale sita wanarudi kwenye viti vyao, au hawarudi? Sitaki mama aingizwe peke yake kwa mlango wa nyuma kwa sababu binti yake anajua kuandika. Wote sita, na lile bango litolewe, au hakuna.

Tutaona si jibu.

Nakupa mpaka Ijumaa, saa sita ya mchana. Nitakuwa karakanani, nyundo chini, simu juu ya meza. Neno moja linatosha, na hata likiwa hapana nitalipokea, maana hapana naweza kumpelekea mama nikamweleza uso kwa uso.

Jumamosi, kabla jua halijapanda, atatoka chumbani na kikwembe chake kizuri na harufu ya makayabu, atauliza kama leo ni posho. Nitamwambia ndiyo, mama, leo ni posho.

Halafu ataniuliza kama tunaenda.

Ijumaa, saa sita. Tunaenda, au hatuendi?